Nabii wa Uongo Hupimwa kwa Mizani Gani?

Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, bara ya Malindi. Hadi kazi hiyo ilipokwisha, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa ardhini, ikiwemo ya watoto wengi. Upande wa mashtaka unadai kwamba waumini wa kanisa moja walihimizwa kufunga hadi wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri wa kanisa hilo na wenzake wamekana mashtaka, na kuamua hatia yao ni kazi ya mahakama. Lakini ipo hukumu nyingine ambayo haikungoja hakimu. Maaskofu, mashehe, wauza samaki na makondakta wa matatu walisema kwa kauli moja kwamba kumnyima mtoto chakula mpaka afe ni uovu. Hakuna aliyesema tusubiri kwanza, tuchunguze kama kweli Mungu aliagiza. Watu walikwenda kinyume chake: kwa kuwa tendo ni ovu, Mungu hawezi kuwa ameliagiza. Mwendo huo wa fikra ulimpita kila mtu bila kustukiwa, nao una mengi ya kutuambia kuhusu swali la zamani sana, kama maadili yanamtegemea Mungu.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili swali hilo lilikwisha jibiwa. Mwaka 2019 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliuliza watu wa nchi 34 kama ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe na maadili mema. Nchini Kenya watu 95 katika kila 100 walijibu ndiyo, Nigeria 93, Sweden 9 tu. Tofauti kubwa hivyo haiwezi kumalizwa kwa kusema upande mmoja umepotoka na mwingine umeongoka. Nadhani sehemu ya ugomvi inatokana na maswali mawili kusukumwa ndani ya swali moja. La kwanza ni kama imani humsaidia mtu kutenda mema. La pili ni kama jema huwa jema kwa sababu tu Mungu ameliamuru. La kwanza hujibiwa kwa kutazama jinsi watu wanavyoishi, na jibu lake, kama tutakavyoona, lina ndiyo na hapana. La pili hujibiwa kwa kufikiri, na jibu langu ni hapana. Tena nashikilia kwamba waumini wenyewe, wanapokutana na mtu kama wa Shakahola, hujibu hivyohivyo.

Mwanafalsafa Plato wa Athens aliliweka swali la pili katika mazungumzo aliyoyaandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Sokrate anakutana na Euthyphro nje ya mahakama. Euthyphro amekuja kumshtaki babake mzazi kwa kifo cha kibarua aliyefungwa kamba na kutupwa mtaroni, na hana shaka kwamba miungu iko upande wake. Sokrate anamuuliza: je, miungu hulipenda jema kwa kuwa ni jema, au jema limekuwa jema kwa kuwa miungu imelipenda? Swali linasikika kama mchezo wa maneno, lakini fuata kila njia uone inakoishia. Kama jema ni jema kwa sababu tu limeamriwa, basi siku Mungu angeamuru watoto wateswe, kuwatesa kungekuwa wema, na sisi tusingekuwa na neno. Zaidi ya hapo, kumsifu Mungu kuwa mwema kungekosa maana, kwani kungekuwa ni kusema tu kwamba Mungu hufanya apendalo, sifa ambayo hata dikteta hujipa. Lakini kama Mungu hulipenda jema kwa kuwa ni jema, basi wema una sababu zake, na Mungu, aliye mjuzi kuliko sote, huzijua sababu hizo kuliko sisi. Kuzijua na kuzitangaza si sawa na kuzitunga.

Asidhani mtu kwamba hili ni jambo la Wagiriki. Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili kwa ukali usiopungua ule wa Athens, na kitovu kimoja cha mjadala kilikuwa Basra, mji wa Iraki. Kundi la Muutazila lilifundisha kwamba akili ya mtu inaweza kutambua kuwa dhuluma ni mbaya hata kabla ya wahyi kumfikia, na kwamba Mwenyezi Mungu, kwa kuwa mwadilifu, hatendi dhuluma. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyelelewa katika mafundisho hayo kisha akayaacha, akapinga. Kwake yeye hakuna sheria iliyo juu ya Mungu. Jema ni lile aliloamuru na baya ni lile alilokataza, na lau angeutangaza uongo kuwa mwema, ungekuwa mwema. Msimamo huu hautugusi kwa mbali. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuta watu wake wanafuata madhehebu ya Shafii, na katika itikadi wanazuoni wa Kishafii kwa kawaida wamefuata njia ya al-Ash'ari. Hofu yake inastahili heshima: mtu akisema wema uko nje ya amri ya Mungu, je, hajamweka Muumba chini ya kitu kingine? Hata hivyo wafuasi wa njia hiyohiyo hawakuweza kuishia hapo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye ni mmoja wa wakubwa wao, aliieleza sheria kwamba inalinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ukishasema sheria inalinda nafsi na akili, umetaja sababu ambayo hata asiye Mwislamu anaielewa. Huko Samarkand, al-Maturidi naye aliipa akili nafasi kubwa zaidi ya kutambua jema na baya, na shule yake ni ya Sunni sawasawa na ile ya al-Ash'ari.

Wakristo nao waligawanyika. Thomas Aquinas wa karne ya 13 alifundisha kwamba iko sheria ya maumbile ambayo kila mwenye akili anaweza kuifikia. William wa Ockham, karne iliyofuata, alielemea upande wa amri. Mwaka 1625 Hugo Grotius, mwanasheria wa Uholanzi na Mkristo wa dhati, aliandika katika kitabu chake cha sheria ya vita na amani kwamba misingi ya haki ingebaki na nguvu kwa kiasi fulani hata tungekubali, jambo alilosema ni uovu mkubwa kulikubali, kwamba Mungu hayupo. Kwa hiyo anayesema maadili yana miguu yake haingizi ugeni katika dini. Anachukua upande mmoja wa hoja iliyo ndani ya dini.

Turudi Shakahola, kwa sababu hapo ndipo pingamizi la kwanza zito linapotokea. Muumini atasema: mimi sikumpima yule mhubiri kwa dhamira yangu, nilimpima kwa Maandiko, na Maandiko yanakataza kuua. Ni jibu zuri, ila halifiki mwisho wa njia. Mhubiri wa namna hiyo naye hubeba Maandiko mkononi. Yamo mafungu ya kufunga, ya kuuacha ulimwengu, ya kuipoteza nafsi ili kuipata. Waumini walioteketea kanisani Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, Machi 2000, walikuwa wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Kati ya mafungu yanayokataza kuua na yale yanayosifu kujinyima, nani anaamua lipi lilifasiri lingine? Anaamua msomaji, naye huamua akiwa tayari anajua kwamba mtoto anayelia njaa ni jambo baya. Historia ya utumwa inaonyesha hilo kwa uchungu. Mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao, kiini cha mgogoro kikiwa utumwa, na pande zote mbili zilinukuu Biblia ileile. Mwaka 1995 kanisa hilo la kusini lilipitisha azimio la kuomba radhi. Katika miaka hiyo 150 Biblia haikuongezwa hata aya moja. Kilichobadilika ni macho ya wasomaji, waliolazimika hatimaye kumwona mtumwa kuwa mtu. Zanzibar soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na hali ya utumwa kisheria ikaondolewa mwaka 1897, katika jamii ambayo waliomiliki watumwa na waliowahurumia walisali misikiti ileile.

Tena Maandiko yenyewe hayawakatazi watu kupima. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu anasimama mbele ya Mungu kuitetea Sodoma, akijadiliana kuanzia waadilifu 50 hadi 10, na nguvu ya hoja yake ni kwamba Hakimu wa dunia yote hawezi kumwangamiza mwema pamoja na mwovu. Anamkumbusha Mungu haki, na hakaripiwi. Katika sura ya Al-Aaraf, Kurani inawataja watu wanaofanya machafu kisha wakasema Mungu ndiye aliyewaamuru, na jibu wanalopewa ni kwamba Mungu haamrishi machafu. Jibu hilo lingekuwa maneno matupu kama machafu yangekuwa ni yale tu ambayo Mungu hakuyaamuru.

Hapa atatokea wa kunitajia Ibrahimu yuleyule na mwanawe, sadaka ambayo Waislamu huikumbuka kila Idi ya Kuchinja. Hicho ndicho kisa kigumu kuliko vyote, na wanafalsafa wametofautiana juu yake: Kierkegaard, mwaka 1843, alikiona kilele cha imani kinachozidi maadili, naye Kant, mwaka 1798, alisema Ibrahimu alipaswa kujibu kwamba ana hakika hapaswi kumuua mwanawe, lakini hana hakika kwamba sauti anayoisikia ni ya Mungu. Mimi naona kisa chenyewe kinasimama upande wa hoja hii. Kinaitwa mtihani. Kama amri ingetosha kulifanya tendo kuwa jema papo hapo, mtihani ungekuwa wapi? Kinatutisha kwa sababu tunajua, kabla ya amri na baada yake, kwamba mtoto hachinjwi. Na mwisho wake ni kwamba mtoto hachinjwi. Baba atakayesimama leo mbele ya kadhi au askofu akidai ameagizwa vivyo hivyo atapelekwa kwa daktari, au kwa polisi.

Je, watoto waliolelewa katika dini kali huyaonaje mambo haya? Wanasaikolojia Larry Nucci na Elliot Turiel walilichunguza hilo nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Waliwauliza watoto na vijana wa Kiyahudi na wa jamii za Waamishi na Wamenno kama ingekuwa sawa kuvunja kanuni fulani endapo Mungu hangeiweka. Kuhusu mambo kama kufanya kazi siku ya mapumziko, wengi walisema kama Mungu hakukataza, hakuna neno. Kuhusu kuiba na kumpiga mwenzako, walisema bado ni kosa, kwa sababu mwenzako anaumia. Walipoulizwa kama wizi ungekuwa halali iwapo Mungu angeuamuru, wengi wao walikataa. Na wapo waliosema Mungu hawezi kuamuru kitu kama hicho. Ni kauli ileile ya watu wazima wa Kilifi, ikitoka kinywani mwa mtoto.

Afrika nayo ina ushahidi wake, ingawa huu umefunikwa na mazoea ya kusema Mwafrika ni mtu wa dini katika kila alifanyalo. Mkenya John Mbiti aliieneza sana picha hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1969, na Mganda Okot p'Bitek akamjia juu, akidai kwamba wasomi wa aina hiyo wanaivisha miungu ya Afrika mavazi ya kigeni. Hoja iliyo karibu zaidi na mada yetu ilitoka Ghana. Kwasi Wiredu na Kwame Gyekye, wote Waakan, walieleza kwamba katika mila za kwao Mungu yupo na anaheshimiwa, lakini tendo haliwi jema kwa kuwa amelipitisha. Hulipitisha kwa kuwa ni jema, na wema wenyewe hupimwa kwa manufaa na madhara kwa watu. Dini ya Waakan haikuwa na nabii wala kitabu cha amri. Kama maadili yangetokana na amri zilizofunuliwa tu, Waakan wangekuwa hawana maadili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuishi nao angelisema kwa uso mkavu.

Mfano wa karibu zaidi ni Wahadza wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchuma. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyekaa nao kwa miaka na kuandika kitabu mwaka 2010, aliona kwamba wana masimulizi ya jua na mwanzo wa dunia, na wana miiko, hasa juu ya nyama inayoliwa na wanaume peke yao. Lakini hawana makasisi, hawana nyumba za ibada, wala dini yao haishughuliki na maadili ya kila siku. Hata hivyo mwindaji akiangusha mnyama mkubwa, nyama yake hugawiwa kambi nzima. Hapa ningeweza kupiga hatua na kudai ushindi, lakini utafiti uliofuata unanizuia. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyohusisha watu 591 wa jamii nane, wakiwemo Wahadza. Washiriki walirusha dadu wakiwa peke yao na kugawa sarafu, ama kwa watu wa kwao au kwa wasiowajua wa dini yao walio mbali. Walioamini katika mungu anayejua siri na kuadhibu waliwatendea wale wa mbali kwa haki zaidi. Coren Apicella, aliyefanya sehemu ya Wahadza, alionyesha mwaka 2018 kwamba wao walipindisha sana kanuni kujipendelea wenyewe au wenzao wa kambini.

Matokeo hayo yanajibu lile swali la kwanza, na ni haki kuyakubali. Imani ya Mungu anayeona inaelekea kuwa ilisaidia watu kuwa waaminifu kwa wasiowahi kuonana, na bila uaminifu huo biashara kati ya Kilwa, Muskat na Gujarat ingekuwa ngumu. Lakini tazama mpaka wa msaada huo: utafiti ulihusu wageni wa dini moja. Na kuna vitu vingine vinavyofanya kazi hiyo. Katika faharasa ya ufisadi ya Transparency International ya mwaka 2024, ambapo alama 100 ni nchi safi kabisa, Sweden ilipata 80, Tanzania 41, Kenya 32. Sisemi kutosali kumewafanya Waswidi kuwa waaminifu; utajiri, mishahara na mahakama vina sehemu kubwa. Nasema tu kwamba nchi inayoona imani si lazima kwa maadili haikugeuka pango la wezi, na nchi ambazo makanisa na misikiti hujaa bado zinahitaji tume za kupambana na rushwa. Wala wasioamini wasijipige kifua. Utafiti wa mwaka 2015 uliodai kwamba watoto wa familia za dini ni wachoyo zaidi ulishangiliwa dunia nzima, kisha mwaka 2019 ukafutwa kwa sababu ya makosa katika hesabu zake.

Pingamizi jingine husemwa kwa majina: Stalin, Mao, na Albania ya Enver Hoxha iliyopiga marufuku dini mwaka 1967. Ni kweli, tawala zilizomkana Mungu ziliua kwa mamilioni, na hakuna haja ya kulipunguza hilo. Lakini kilichokuwa kinaendelea ndani ya tawala hizo ni kwamba chama kiliketi kwenye kiti cha mtoa amri, na lolote lililoamriwa likawa halali. Huo ni ugonjwa uleule tulioanza nao. Mwenye kusema "ni sawa kwa kuwa tumeagizwa" ni mtu wa hatari, akiwa amevaa joho au sare.

Linabaki pingamizi la wanatheolojia wenyewe, lililo bora kuliko yote. Wanasema Mungu hatungi wema ovyo, wala wema hauko juu yake. Wema ndio dhati yake, na amri zake hutokana na jinsi alivyo. Muumini anaweza kushika msimamo huu bila aibu. Sina hoja ya kuuangusha, na hoja yangu haihitaji uanguke. Muulize mwenye kuushika: kwa nini dhati hiyo iitwe njema? Atajibu kwamba ni yenye huruma, haki na ukweli. Basi huruma, haki na ukweli tumezitambua kuwa njema, na anazitambua pia jirani asiyesali. Ukiuliza zaidi wajibu unatoka wapi kama hakuna wa kuamuru, nitajibu kwa swali: kwa nini niitii amri? Kama ni kwa kuwa mtoaji ana nguvu, nguvu haijawahi kuwa haki. Kama ni kwa kuwa ni mwema, wema umeshatangulia. Mtoto wa Shakahola alikuwa na haki ya kula kwa sababu alikuwa mtoto mwenye njaa, na sababu hiyo inatosha kumfunga kila aliyemwona.

Kuwadhania wasioamini kuwa hawana maadili si kosa dogo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017, katika nchi 13, ulionyesha kwamba watu wakisimuliwa habari za muuaji hukimbilia kudhani ni mkana Mungu. Na wanaomkana Mungu wenyewe hudhani hivyohivyo. Kinyume chake ndicho kinachotugharimu zaidi huku kwetu: mwenye kuanza hotuba kwa sala hupewa imani ambayo hajaifanyia kazi, iwe jukwaani wakati wa uchaguzi, kwenye chama cha kuweka na kukopa, au kwenye kanisa jipya msituni. Sheria imekuwa na busara kuliko sisi. Mahakamani Kenya, shahidi asiye na dini huruhusiwa kutoa ahadi ya kusema kweli bila kumtaja Mungu. Ahadi hiyo ina uzito sawa na kiapo, na akisema uongo, adhabu yake ni ileile.